Sisi Akina Julius

Ukisimama uwanjani wakati wa gwaride la Jumatatu uite kwa sauti, "Julius!", tutageuka watano. Mmoja ni Mmeru wa huko milimani, mmoja ni Msamburu wa Oldonyiro, wawili ni Waturkana wa mjini, na wa tano ni mimi, Mturkana wa Ngare Mara. Ili watutofautishe, wenzetu wametubandika lakabu. Mimi naitwa Jua na Mvua. "Jua" ni Julius kwa ulimi wa wale wasiopenda kumaliza neno. "Mvua" ni tafsiri ya jina langu la pili, Ekiru. Kwetu mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Ekiru, na wa kike huitwa Akiru. Wenzetu Waborana wana Roba, ambaye ni mvua hiyo hiyo, na darasani tunao wawili. Kwa hiyo darasani mwetu mvua ni tele. Nje ndiyo haba.

Lakabu si hoja. Nimeicheka na wenzangu tangu kidato cha kwanza. Lakini mwaka huu jina langu limekuwa kesi nyumbani, kesi ya watu wazima kukaa chini na kutazamana, na ndiyo sababu nimemwomba mhariri anipe kurasa hizi.

Mambo yalianza muhula wa kwanza, tulipoambiwa tujiandikishe kwa mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu alitueleza bila kuficha kitu: jina utakaloandika ndilo litakalokaa kwenye cheti chako maisha yako yote, na lazima liwe sawa na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwenye la kurekebisha arekebishe sasa. Tulipewa wiki tatu. Wikendi ya mapumziko nikaenda nyumbani, nikamkuta ami yangu amekuja kutoka Nairobi.

Yafaa nieleze kuhusu Ami. Yeye ndiye anayenilipia karo. Mbuzi wa baba walikwisha katika ule ukame ulioanza 2020, mvua zilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo. Tangu hapo baba hufanya vibarua vya hapa na pale, na karo ni ya Ami. Ami ni msomaji sana. Tena alikwisha kuliacha jina lake la ubatizo. Ukimwita kwa jina hilo haitiki, hata kama mmeketi kwenye benchi moja.

Alipozisikia habari za fomu aliweka kikombe chini.

"Ekiru, hilo Julius liondoe kabla halijapigwa muhuri. Nitakutafutia wakili, kiapo kiandikwe, lichapishwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mambo yaishe. Gharama ni yangu."

"Kwani, Ami, Julius lina ubaya gani?"

"Wewe unauliza ubaya! Huyo Julius wa kwanza alikuwa nani? Si Mrumi aliyevamia nchi za watu akawafanya watumwa? Sisi hapa kila siku tunalia juu ya wavamizi wa mifugo, halafu mtoto wetu tumpe jina la mvamizi mkuu wa dunia?"

Nikamtazama baba, kwa maana yeye ndiye aliyenipa jina hilo. Baba akanyamaza. Baba si mtu wa maneno. Nyanya alikuwa akichochea moto, naye hakusema kitu, ila yeye kimya chake si kama cha baba. Kimya cha nyanya ni cha mtu anayesubiri zamu yake.

Ami hakusema kwamba atakata karo, na sidhani lilimpitia akilini. Hata hivyo, wewe mwanafunzi mwenzangu unajua: mtu anayekulipia karo akikupa ushauri, ushauri huo una uzani wake. Nikamwomba anipe hizo wiki tatu nilichunguze jina lenyewe. Akacheka, akasema, "Sawa, chunguza. Utanipa jibu langu mwenyewe."

Basi nikaingia maktaba. Prepu za jioni, wenzangu wakikokotoa hesabu, mimi nilikuwa na ensaiklopedia kuukuu isiyo na jalada. Na jambo la kwanza nililolipata likanistaajabisha: Julius halikuwa jina la mtu. Lilikuwa jina la ukoo. Mkubwa wa Kirumi alikuwa na majina matatu, na yule tunayemjua sisi aliitwa Gaius Julius Caesar. Gaius ndilo alilopewa yeye; Julius ni ukoo; Caesar ni mlango ndani ya ukoo. Kila binti wa ukoo huo aliitwa Julia, basi. Caesar alikuwa na dada wawili, wote Julia, na binti mmoja, naye Julia. Sijui mama alipoita mmoja waliitikaje! Nikaona kumbe si mbali na kwetu, Ekiru na Akiru, herufi ya mwanzo tu ndiyo inayokwambia ni mvulana au msichana. Aidha, ukoo huo ulijigamba kwamba umetokana na mungu wa kike aliyeitwa Venus. Hilo halikunishangaza. Ukoo gani usio na hadithi ya kujisifu?

Halafu nikafika kwenye maneno ya Ami, nikayakuta ni kweli tupu. Kuanzia mwaka wa 58 kabla ya Kristo Caesar alipigana miaka minane katika nchi ya Gaul, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa. Aliua watu wengi na kuuza wengi utumwani, kisha akaandika mwenyewe kitabu cha vita hivyo, jambo ambalo ni kama mvamizi kuandika taarifa ya polisi kwa mkono wake. Kiongozi wa Wagaul, Vercingetorix, alipojisalimisha alifungwa miaka kadhaa, akatembezwa mbele ya umati kule Roma mwaka wa 46, kisha akauawa. Hapo nikamwekea Ami alama ya vema. Kitu kimoja tu kilinichekesha. Mwaka wa 55, na tena mwaka wa 54, Caesar huyo huyo alivuka bahari na jeshi lake akatua ufukoni mwa Uingereza. Waingereza waliokuja kututawala sisi nao waliwahi kuchungulia vichakani wakimtazama mgeni anayeshuka na silaha. Hayo hatukuambiwa.

Caesar aliuawa tarehe 15 Machi mwaka wa 44, kwa visu, na wakubwa wenzake, baadhi yao aliokuwa amewasamehe. Kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo moja ambalo hata Ami hawezi kulikwepa: alitengeneza kalenda. Hesabu ya zamani ya Warumi ilikuwa imepotoka mpaka miezi haikulingana tena na majira. Mwaka wa 46 ukarefushwa hadi siku 445 ili mambo yarudi mahali pake, na kuanzia mwaka uliofuata ikawa siku 365, na kila baada ya miaka mitatu mwaka wa nne una siku moja zaidi. Mwezi mmoja ukapewa jina lake la ukoo, na mwezi huo ndio Julai. Kwa hivyo, ndugu zangu mnaonicheka, Waislamu kwa Wakristo, Waborana kwa Wasomali, nyote mnalitaja jina langu siku thelathini na moja kila mwaka. Mnaliandika ubaoni, mnalitia katika tarehe za barua zenu. Na ni mwezi gani basi! Hapa Isiolo Julai ni upepo na vumbi mtindo mmoja, hakuna tone. Nyanya hahesabu kwa miezi hiyo; mwaka wake una sehemu mbili, akiporo ya mvua na akamu ya kiangazi, na Julai imo ndani ya akamu. Nikaanza kuona lakabu yangu si ya mzaha tu. Nusu ya jina langu ni kiangazi.

Nikaendelea kuwatafuta wengine. Kulikuwa na Papa Julius wa Pili, aliyetawala kanisa la Roma kuanzia 1503 hadi 1513. Ndiye aliyempa Michelangelo kazi ya kuchora dari la kanisa la Sistina, ambalo watu hulitazama hadi leo mpaka shingo ziume. Lakini ukiisoma historia ya pwani yetu pembeni ya hiyo, unapata kingine. Ni katika utawala wa Papa huyo ambapo Wareno wa Francisco de Almeida waliiteka Kilwa, Julai 1505, tena mwezi ule ule, na Agosti wakaichoma Mombasa. Si yeye aliyewatuma. Waliotumwa walitumwa na mfalme wao. Lakini Januari 1506 yeye aliutia muhuri ule mkataba wa 1494 ambao Wareno na Wahispania walijigawia dunia kama watu wanaogawana keki ya mtoto wa jirani. Ami, vema ya pili.

Na kuna mmoja ambaye ningependa nisimtaje, Julius Streicher, Mjerumani mwenye gazeti la kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi, aliyenyongwa huko Nuremberg mwaka wa 1946. Upande wa pili yuko Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, aliyetoa fedha zilizosaidia kujenga zaidi ya shule 5,000 za watoto weusi kusini mwa Marekani, wakati ambapo serikali za huko hazikuwajali. Hapa kwetu Dkt. Julius Gikonyo Kiano alikuwa Mkenya wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa, mwaka wa 1956, akarudi na kushirikiana na Tom Mboya katika zile safari za ndege zilizowapeleka vijana wetu kusoma Marekani kuanzia 1959. Julius Kariuki alishinda dhahabu Seoul 1988 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kwa dakika 8 na sekunde 5.51, rekodi ya Olimpiki wakati huo. Na Julius Yego, huyu ninampenda, alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, akaurusha mita 92.72 mjini Beijing mwaka wa 2015 na kuwa bingwa wa dunia. Hata katika Matendo ya Mitume yumo, akida wa Kirumi aitwaye Yulio, aliyewazuia askari wake wasimuue Paulo meli ilipovunjika. Nikafunga ensaiklopedia. Wema wamo, waovu wamo. Kwa hesabu hiyo Ami angeshinda, maana angeniuliza, "Sasa wewe umefuata yupi?" na mimi singekuwa na jibu.

Aliyeniokoa ni mwalimu mlezi wa chama chetu. Siku moja alinikuta nimejishika tama, akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Hakunijibu. Alitoa funguo, akafungua kabati la vitabu vya Kiswahili, akaniwekea mezani kitabu chembamba, *Juliasi Kaizari*. "Tazama mtafsiri," akasema, akaenda zake.

Mtafsiri ni Julius K. Nyerere.

Jamani, nilikuwa najua kwamba Nyerere alikuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, kwamba aliitwa Mwalimu, hayo kila mtu anayajua. Nilichokuwa sijafikiria ni hiyo herufi K. Nikaifuatilia, na sitasahau jioni ile. K ni Kambarage. Alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Viktoria, tarehe 13 Aprili 1922, mvua ikinyesha, na Wazanaki wakampa jina la mzimu wao wa mvua. Mwenzangu! Ekiru mtupu! Baba yake, Burito, alikuwa amefanywa chifu mwaka wa 1915 na maofisa wa Kijerumani, watumishi wa mfalme aliyejiita Kaiser, ambalo ni jina lile lile la Caesar limebadilishwa matamshi tu. Kwa hiyo jina la ukoo wa Kirumi lilikuwa limekwisha kufika Butiama kabla mtoto hajazaliwa, na lilifika kwa bunduki.

Yeye hakubatizwa utotoni. Alisoma Musoma, akasoma Tabora, akaingia Makerere, na muda wote huo alikuwa Kambarage. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, na hapo ndipo akawa Julius. Yaani jina hilo hakutiwa kama mimi nilivyotiwa na padre Mwitaliano nikiwa mgongoni kwa mama. Alilichukua akiwa na akili zake timamu. Na alipolichukua, la mvua hakulitupa. Aliyabeba yote mawili hadi TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 (mwezi ule ule tena), hadi Ikulu, hadi alipong'atuka mwaka wa 1985.

Kisha fikiria juu ya kitabu chenyewe. Tafsiri ile ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1963. Huyu ni Rais wa nchi changa, ana kila aina ya shida mezani, na anapata wakati wa kukaa na tamthilia ya Shakespeare kuhusu Mrumi aliyependa madaraka, akiwalazimisha wale wakubwa wa Roma waseme Kiswahili. Mara ya kwanza jina juu ya jalada liliandikwa *Julius Caezar*. Mwaka wa 1969 akakitoa upya, akakirekebisha, na jina likavalishwa kanzu kabisa: *Juliasi Kaizari*. Lakini la kwake mwenyewe aliliacha Julius. Nililiwaza sana jambo hilo. Nadhani Kaizari alikuwa mgeni, na mgeni akija ndiye anayetakiwa ajifunze lugha. Julius wa Butiama hakuwa mgeni.

Kwa wakati uo huo jirani yake wa magharibi alifanya kinyume. Mwaka wa 1972 Mobutu alijivua Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na akaamuru raia wote wa Zaire waache majina yao ya Kikristo. Hapa kwetu James Ngugi aliacha James akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Hawa wawili siwaweki chungu kimoja. Ngũgĩ alijivua la kwake. Mobutu aliwavua watu ya kwao. Ami yangu ni wa upande wa Ngũgĩ, na namheshimu kwa hilo. Ila alikuwa ananivua mimi.

Wiki ya tatu nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani, kitabu mkononi. Tulikaa nje, chini ya mgunga, Ami, baba, nyanya na mimi. Nikawasimulia yote, ya Gaul na ya Kilwa sikuficha, halafu nikaja kwa Kambarage. Nyanya hasikii Kiswahili vizuri, kwa hiyo nilikuwa nasimama kila baada ya sentensi mbili namfasiria kwa Kiturkana. Nilipofika kwenye mzimu wa mvua alinyanyua mkono.

"Huyo mtu wa mvua," akauliza, "watu wake walimwitaje?"

"Walimwita Mwalimu, nyanya."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi hata hilo jina mnalogombania hawakulitumia!"

Ami naye akacheka, lakini hakuachia. "Sawa, Ekiru, umesoma vizuri. Lakini Nyerere alichagua. Wewe ulichaguliwa. Hayo ni mambo mawili." Nakiri kwamba hilo ndilo neno zito kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na sikuwa na la kumjibu.

Aliyejibu ni baba. Alianza bila kumtazama mtu. Alisema kwamba Oktoba 1999 alikuwa kijana mdogo anachunga mbuzi wa mtu, na alikuwa amekwenda dukani kununua chumvi. Redio ilikuwa ikitangaza kwamba Nyerere amefariki huko London. Mwenye duka, Msomali mtu mzima, alikuwa ameketi juu ya gunia la sukari analia, na mzee Mmeru aliyeleta miraa alikuwa amesimama ameshika kofia yake. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Mtanzania. "Nilikuwa sijawahi kuona watu wa makabila mawili, hapa kwetu, wakimlilia mtu mmoja," baba akasema. "Nikasema nikipata mtoto wa kiume nitampa jina la huyo. Redio ilisema Julius. Hilo la mvua sikulisikia. Hilo alikupa nyanya yako, siku yenyewe."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Miaka kumi na saba nimeishi na jina hilo na ndiyo mara ya kwanza naambiwa limetoka wapi. Hata Ami alikuwa hajui, na ni ndugu yake tumbo moja.

Nyanya ndiye aliyevunja kimya. Alinikumbusha kwamba katika ule ukame, mbuzi wakianguka mmoja mmoja, alikuwa akisimama mlangoni kila jioni na kuniita Ekiru kwa sauti kubwa hata kama niko karibu naye, na majirani wakawa wanageuka kutazama mawingu. "Hilo Yulio lenu liandikeni," akasema. "Lakini lisitangulie."

Nikarudi shuleni Jumapili jioni kwa bodaboda, vumbi hadi kope. Jumatatu nikajaza fomu: EKIRU JULIUS, na la baba mwisho. Kumbe kwenye cheti changu cha kuzaliwa ndivyo yalivyopangwa tangu zamani. Ni sisi tu shuleni tuliokuwa tukianza na Julius. Karani alilinganisha, akapiga muhuri, akaita mwingine.

Ami alituma karo wiki iliyofuata kama kawaida, na ujumbe mfupi kwa simu ya mwalimu. Alisema fomu ni ya baba na nyanya, lakini nikitimiza miaka kumi na minane atanipigia aniulize upya, nami nijibu kwa kinywa changu, si kwa kinywa cha Nyerere. Nitatimiza mwezi wa Novemba, katikati ya mtihani, kama mvua zitakuwa zimeanza.